Ufa Ulio Juu ya Mlango

Mwezi wa Januari, mvua ikiwa imekwisha kunyesha majuma kama kumi na barabara za udongo za Karavia, mtaa wa Lubumbashi huko Katanga, zikiwa zimegeuka uji mwekundu, huanza katika nyumba nyingi za mtaa huo taabu ndogo ambayo mwenye nyumba huijua kwa bega kabla ya kuijua kwa macho: mlango wa chumba, ambao tangu Julai ulikuwa ukifungika kwa kidole kimoja, sasa hausogei mpaka usukumwe, na aliyeusukuma, akiinua uso kutazama ulipokwama, huona juu ya pembe ya fremu mstari mwembamba uliopanda kwa mshazari kuelekea darini, mfano wa mshipa katika kipaji cha mzee. Huitwa fundi. Fundi huja na ndoo ya saruji na mwiko, huziba, hupaka rangi, hulipwa dola zake, akaenda zake. Januari ya pili ufa huwa pale pale, na aghalabu huwa umeleta mwenzake.

Nilipata kuyasikia mazungumzo ya mama mmoja wa mtaa huo na fundi wake, wamesimama chini ya ufa wa namna hiyo. “Papa, huu si ulizibwa mwaka jana?” “Ndiyo, mama, tuliufunga. Ni mvua ndiyo iliufungua.” Mama alicheka, akidhani anapewa udhuru, ilhali fundi yule, pengine bila ya kukusudia, alikuwa ametamka kwa maneno manne ukweli wote wa jambo lile, kisha akachovya mwiko wake akarudia kazi ile ile ya mwaka uliopita. Kosa si lake peke yake, kwa maana aliitwa kuziba naye akaziba. Kosa limo katika wito wenyewe. Mafundi wa Katanga waliosomeshwa kwa Kifaransa wana istilahi moja ninayoipenda: kile kipande cha kioo au cha plasta kinachobandikwa juu ya ufa ili ijulikane kama bado unatembea, wao hukiita kwa neno lenye maana ya shahidi. Mimi nitalipanua neno hilo nikisema kwamba ufa wenyewe ndio shahidi wa kwanza, na kwamba sisi, kwa haraka ya kuona ukuta safi, tuna desturi ya kumziba shahidi kinywa kabla ya kumhoji.

Najua kwamba hapa nitapambana na methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili hulelewa nayo, ile isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sina nia ya kuitukana hekima ya wazee, ila nataka ikumbukwe ni kuta za aina gani walizokuwa nazo waliokaa nayo karne kwa karne. Katika Lamu, Mombasa na Unguja ukuta wa kale ulikuwa wa mawe ya matumbawe yaliyolazwa katika udongo na chokaa, mnene kiasi cha dhiraa nzima au zaidi, nao ulipakwa chokaa mpya kila ulipochakaa. Chokaa ni kitu kipole: hunywa maji na kuyatoa, husogea pamoja na ukuta, na katika nyufa nyembamba hujifunga tena yenyewe kadiri unyevu na hewa vinavyoipitia. Kwa ukuta kama huo kuziba kulikuwa ni tiba, madhali dawa na mgonjwa walikuwa jamii moja. Hata hivyo chokaa nayo haivumilii kupuuzwa milele, kama walivyoona watu wa Unguja tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka pamoja na mnara wake katikati ya kazi ya ukarabati, wakafariki mafundi wawili. Walakini ukuta wa Karavia si wa matumbawe wala si wa chokaa. Ni wa tofali la kuchoma, mwembamba, uliofungwa kwa saruji, na saruji haijui kusamehe. Kwake hakuna kupinda, kuna kuvunjika tu, na anayeutibu kwa methali ya pwani huutibu kwa dawa ya mgonjwa mwingine.

Kwanza ijulikane kwa nini ufa huuchagua mlango. Ukuta wa chumba wenye urefu wa mita sita na kimo cha mita mbili na themanini, ukitobolewa mlango wa sentimita tisini kwa mita mbili na kumi, si ukuta mmoja tena, bali ni kuta mbili pana zilizoshikana kwa shingo ya sentimita sabini iliyobaki juu ya kizingiti. Kuta hizo mbili kila moja ina uzito wake na msingi wake, na kila moja huitikia ardhi kwa wakati wake. Zikipishana hata kwa unene wa sarafu, ni shingo ndiyo itakayokatika. Fauka ya hayo, nguvu zinazoshuka kutoka kwenye paa, zikikuta shimo, hulazimika kulizunguka kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe, na husongamana pale penye pembe kali. Yeyote anayetaka kusadiki na achukue karatasi, aikate dirisha la mraba katikati, kisha aivute ncha mbili: haitapasuka popote ila penye pembe za dirisha.

Lakini iko sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu haitajwi inavyostahiki. Ukuta mtupu unaweza kuzama milimita tatu na watu wakalala humo miaka kumi bila ya kujua, kwa kuwa hakuna aliyeupima. Ilhali kati ya ubao wa mlango na fremu yake upenyo wote ni hizo milimita tatu. Kwa hivyo mlango, mbali na kuwa udhaifu wa ukuta, ni kipimo chake pia, kilichofungwa pale na seremala bila ya kujua, na kinachosomwa kila siku na watu wa nyumba wanaoingia na kutoka. Waingereza walipoandika mwaka 1981, katika waraka nambari 251 wa taasisi yao ya uchunguzi wa majengo, daraja sita za madhara ya nyufa, kuanzia sifuri hadi tano, waliutia mlango humo humo: ufa usiozidi milimita tano, na milango ikikwama kidogo, ni daraja la pili, jambo jepesi, ufa wa milimita tano hadi kumi na tano, na milango ikikwama kwelikweli, ni la tatu, na ukipita milimita ishirini na tano, ni la tano, ambapo nyumba yenyewe ina hatari ya kuanguka. Ufa usiofikia milimita moja, nao ndio unaowanyima watu wengi usingizi, wao waliuhesabu kuwa ni kazi ya mpaka rangi.

Na kwa kuwa mlango ni kipimo, yafaa kuhakikisha kwanza kwamba kipimo hakisemi uongo. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mvua yake, kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka, hushuka karibu yote kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Aprili, na miezi inayosalia hewa hukauka mpaka midomo hupasuka. Ubao katika hali hiyo huvimba Januari na kunywea Septemba hata kama ukuta umesimama kama mlima. Dalili ya kutofautisha ni rahisi: mlango uliovimba kwa unyevu hubana upande wote kwa usawa, na upenyo wake huwa mwembamba sawasawa toka juu hadi chini, bali mlango uliopindwa na ukuta huwa na upenyo mfano wa kabari, umefungana pembe moja na kuachana pembe ya pili. Asiyeridhika na apime fremu kwa futi ya kamba kutoka pembe hadi pembe, mshazari mmoja kisha wa pili. Vipimo viwili vikilingana, mwite seremala na randa yake. Visipolingana, randa itakula mlango bure, na mwaka ujao itakula tena.

Baada ya mlango huhojiwa ufa. Zipo nyufa za lipu tupu, zilizotapakaa ukutani kama ramani au kama tope lililokauka, ambazo hutokana na mchanganyiko wenye saruji nyingi, au na lipu iliyoachwa ikauke juani bila ya kumwagiwa maji siku saba; hizo ni aibu ya fundi wala si maradhi ya nyumba, na ukigonga ukasikia sauti ya debe tupu ujue lipu imeachana na tofali. Upo ufa ulionyooka kandokando ya mwimo, kutoka sakafuni hadi juu, ambao maana yake ni kwamba fremu haikushikwa sawasawa ukutani, na kila mlango unapobamizwa na upepo au na vijana, fremu huruka kidogo katika tundu lake. Upo ule uliolala juu ya kizingiti cha zege, ukionyesha kuwa kizingiti kimepinda au kwamba ncha zake hazikuegemea ukuta kwa kutosha. Kaida njema ni sentimita kumi na tano hadi ishirini kila upande, na nimeona, katika nyumba za watu waliobana matumizi, zisizozidi upana wa vidole vitatu.

Wote hao ni mashahidi wadogo. Shahidi mkubwa ni yule wa mshazari, apandaye kutoka pembe ya mlango akiwa na upande mmoja mpana na mmoja mwembamba, naye huwa ana mengi ya kusema kwa anayejua kuuliza. Ukipanuka kadiri unavyopanda, dhana ya kwanza ni kwamba ncha za ukuta zinashuka na katikati kumebaki; ukipanuka kadiri unavyoshuka, ni kinyume chake, tumbo la ukuta ndilo linalozama. Ukichora mstari unaoukata ufa huo kwa pembe mraba na kuufuata kwenda chini, mara nyingi utakuelekeza upande ule wa nyumba ulioondoka mahali pake. Hata njia unayoipita ni maneno: ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali husema kwamba udongo au saruji ya viungo ilikuwa dhaifu kuliko tofali, na ule unaoyakata matofali yenyewe husema kwamba nguvu iliyoupasua haikuwa ya mchezo. Na kama ufa wa chumbani unaonekana pia nje ya ukuta, mahali pale pale, hapo si suala la lipu tena, ni suala la msingi, nasi hatuna budi kuinama kuitazama ardhi.

Ardhi ya Karavia ina kisa chake. Mtaa huu, ambao wageni huujua kwa ajili ya hoteli yenye jina hilo hilo, uko upande wa mtaa wa Golf na ziwa, na udongo wake mwekundu, kama wa sehemu kubwa ya Haut-Katanga, kwa asili si adui wa nyumba. Haufanani na ule udongo mweusi wa pamba unaowatesa wajenzi wa Nairobi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka mpaka mtu huweza kutumbukiza mkono, na ambao dawa yake ya kawaida ni kuuchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Udongo mwekundu ni mtulivu. Lakini juu yake, tangu dahari, wamejenga wajenzi waliotutangulia.

Nasema mchwa. Anayesafiri kwa ndege kuingia Lubumbashi huona nchi yote imetapakaa vichuguu kama chunusi, vitatu hadi vitano katika kila hekta moja, na vingine vina kimo cha mita nane na tako lenye upana wa nyumba. Wataalamu waliovichunguza, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamekuta kwamba ni kazi ya mchwa wa jinsi ya Macrotermes, na kwamba baadhi ya vichuguu hivyo vina umri unaozidi miaka 2,000; maana yake vilikuwapo kabla hajapatikana mtu yeyote wa kuuita mji huu Elisabethville, kama ulivyoitwa ulipoasisiwa mwaka 1910, wala Lubumbashi, jina lililowekwa rasmi mwaka 1966. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini sana, punje kwa punje, hata kichuguu kikawa ni kitu tofauti na ardhi iliyokizunguka: kinanata zaidi, kinashika maji zaidi, na kwa hivyo hucheza zaidi baina ya masika na kiangazi. Tukichukulia kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini na tano, hesabu nyepesi inaonyesha kwamba katika kila viwanja vinne hadi saba kimoja kilikuwa na kichuguu chake, na jirani wa kiwanja hicho huenda anakikalia pindo bila ya habari.

Na udongo huo huo ndio unaofanyizwa matofali. Hapa ndipo pana kejeli ambayo sijaona mji mwingine wenye mfano wake: mwenye kiwanja huchimba kichuguu chake mwenyewe, huloweka udongo, hufyatua tofali, hupanga tanuri pale pale, hulichoma kwa kuni za miombo, kisha kwa matofali yale hujenga nyumba, nusu yake juu ya ardhi nyekundu isiyoguswa tangu kuumbwa, na nusu juu ya moyo wa kichuguu kilichosawazishwa, au, vibaya zaidi, juu ya shimo alimotoa tofali na kulifukia kwa kifusi kilichomwagwa tu wala hakikushindiliwa. Ukuta wa nyumba ile ni ardhi iliyosimamishwa wima ikapanda juu ya pengo lake yenyewe. Wanapokutana udongo mtulivu na udongo mchezaji chini ya chumba kimoja, mmoja huketi na mwingine huinuka na kushuka kwa majira, na mpaka wao usioonekana sakafuni huonekana waziwazi ukutani, juu ya mlango ulio karibu.

Matofali nayo hayana hatia kamili. Moto wa tanuri la kienyeji haufiki sawa: yaliyo katikati hutoka yakilia kama chuma yakigongwa, na ya pembezoni hutoka nusu mabichi, nayo yote huuzwa kwa bei moja na kuchanganywa katika ukuta mmoja. Tofali lililotoka motoni jana huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuongezeka kidogo kidogo, hivyo anayelijenga likiwa bado na joto la tanuri anajenga kitu ambacho bado kinakua. Asipolilowesha kabla ya kulilaza, hunyonya maji ya saruji na kuiacha vumbi. Na saruji yenyewe, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipandishwa kutoka Zambia kwa malori kupitia Kasumbalesa na bei yake hupanda na kushuka kwa foleni ya mpakani, hupunguzwa katika mchanganyiko kwa kadiri mfuko wa mwenye nyumba unavyopungua. Mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya vizingiti, ambao kazi yake ni kuzifunga kuta zile mbili nilizozitaja zikawa mwili mmoja, ndicho kitu cha kwanza kufutwa katika makadirio, kwa kuwa hakionekani baada ya lipu. Lau ningepewa ruhusa ya kumshauri mwenye kujenga jambo moja tu, lingekuwa ni hilo: afute vigae vya sebuleni, asiufute mkanda.

Hayo yote ni mwili. Roho inayoyatia mwendo ni maji. Nyumba nyingi zina paa la mabati lisilo na mlizamu, na mvua ya Desemba, ikishuka kwa ghadhabu yake ya saa moja, huchimba handaki chini ya ukingo wa paa, mkabala na msingi hasa. Shimo la maji machafu huchimbwa karibu na jiko ili kuokoa bomba, likatiririsha mwaka mzima chini ya pembe moja ya nyumba wakati pembe tatu zimekauka. Mkalitusi, au mwembe uliopandwa karibu kwa ajili ya kivuli, hufanya kinyume, hunyonya maji upande mmoja wakati wa kiangazi hata udongo ukasinyaa. Ardhi iliyolowa yote, au iliyokauka yote, si hatari sana. Hatari ni kulowa huku na kukauka kule. Ndiyo maana nasema fundi wa yule mama alinena kweli aliposema ni mvua iliyofungua, na ndiyo maana nilisikitika kuona kwamba hakutoka nje hata hatua kumi kuitazama inakoangukia.

Wapo wanaolaumu baruti za machimbo, na wapo wanaolaumu matetemeko. Siyakanushi: tetemeko la Desemba 2005 katika ziwa Tanganyika, lenye nguvu ya 6.8, lilibomoa nyumba Kalemie, na lile la Februari 2008 liliua watu upande wa Bukavu na Rwanda. Lakini mtikisiko hupasua kwa ghafula, na mara nyingi kwa alama ya msalaba, mishazari miwili ikikatana, wala haufungui ufa kila Januari na kuufumba kila Agosti. Ufa unaofuata kalenda ya mvua ni wa mvua.

Sasa nigeukie nyumba mpya, ambamo ukuta wa ndani si wa tofali tena bali ni kiwambaza cha jipsamu, bodi za upana wa mita moja na ishirini zilizofungwa kwa skrubu juu ya mifupa ya chuma chepesi au mbao. Bidhaa hii si ngeni duniani. Marekani imeijua tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, na huko nyumba karibu zote zimevikwa hiyo kwa ndani. Ubaya wake ni kwamba imefika kwetu kabla ya mafundi wake. Bodi yenyewe haipasuki kwa urahisi. Kinachopasuka ni maungio, na fundi asiyefunzwa, akiona mlango, huleta bodi mbili zikakutana sawasawa na pembe ya fremu kwa kuwa ndivyo zinavyokatika kwa urahisi, akawa ameliweka ungio lililo dhaifu mahali penye nguvu nyingi kupita pote ukutani. Anayejua hukata bodi mfano wa herufi L, ikaizunguka pembe ikiwa nzima, na ungio likaangukia juu ya katikati ya mlango. Kisha mwimo wa kiwambaza ni chuma chembamba tu. Kisipoongezwa ubao ndani yake na kufungwa sakafuni na juu, kila mlango unapobamizwa hutetemeka chote, na ufa hauna budi kuja hata kama ardhi ni ya mwamba.

Ufa wa jipsamu ndio pekee ninaoruhusu uzibwe bila ya mashauri marefu, baada ya mlango kutulizwa kwa skrubu na kizuizi cha mpira. Hutolewa utepe wa zamani wote, kwa maana kupaka juu yake ni kupaka juu ya uongo. Hutiwa skrubu mpya kila upande wa ungio, utepe mpya wa karatasi au wa nyuzi hulazwa ndani ya unga wa kuziba unaoganda wenyewe, na safu tatu hupakwa, kila moja pana kuliko ya chini yake, hata ya mwisho ikafikia sentimita thelathini na kuyeyuka ukutani pasipo kuonekana ukingo, ndipo msasa upite. Haraka ya kupaka safu ya pili juu ya ya kwanza ambayo haijakauka, nayo katika Februari ya Lubumbashi huchukua muda zaidi ya ulioandikwa mfukoni, ndiyo iletayo ufa mwembamba juu ya ufa uliozibwa.

Kwa ukuta wa tofali mambo huenda polepole zaidi, na upole huo ndio watu wasioupenda. Kwanza ni kumweka shahidi: kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa pande zote mbili za ufa, au, kwa asiye na kioo, mistari miwili ya kalamu ya risasi inayoukabili ufa huku na huku, kipimo cha baina yake kikiandikwa ukutani pamoja na tarehe, na alama nyingine pale ufa unapoishia. Kisha kungoja, na kungoja kwenyewe ni mwaka mzima, ili masika na kiangazi vyote vipite mbele ya shahidi. Ufa usiotembea mwaka mzima ni kovu, hauna haja ila ya kuzibwa. Unaotembea na kurudi ni pumzi ya maji. Na unaotembea bila ya kurudi, ukiongezeka kila kipimo, ni wa kumwita mhandisi na si fundi. Vivyo hivyo ukuta uliofanya tumbo, au sakafu ambayo mpira wa mtoto hubingirika wenyewe kuelekea pembe moja: hapo mwaka mzima ni mrefu mno.

Wakati wa kungoja si wakati wa kukaa bure, kwa sababu tiba ya maji haihitaji hukumu. Mlizamu hutiwa, na maji yake hupelekwa mbali kwa bomba. Pembeni mwa nyumba humwagwa mkanda wa zege wa upana wa mita moja hivi, umeinamia nje. Shimo la maji machafu huhamishwa. Mti uliokaribia hupunguzwa kwa miaka miwili au mitatu wala haukatwi kwa siku moja, maana udongo ulioukausha mti miaka ishirini, ukirudishiwa maji yote kwa ghafula, nao huvimba. Ikiwa shahidi ametulia baada ya hayo, ndipo viungo hukwaruzwa kina cha sentimita mbili au tatu, husafishwa vumbi, hulowanishwa, nondo nyembamba hulazwa ndani ya viungo kila safu chache, zikipita ufa kwa nusu mita kila upande, na kujazwa kwa mchanganyiko usiozidi ule wa zamani kwa nguvu. Hapa mafundi wengi hukosea kwa ukarimu, wakidhani saruji ikizidi ndiyo heri; kiraka kigumu katika ukuta laini hakiponyi kitu, huupeleka tu ufa hatua moja kando. Ama kuchimba chini ya msingi na kuutia zege, ni kazi ya vipande vya mita moja moja, visivyofuatana, na mwenye nyumba akimwona fundi amefukua upande mzima kwa mara moja, awatoe watoto ndani kabla ya kumwuliza lolote.

Yule mama wa Karavia nilimrudia Aprili ya mwaka uliofuata. Alikuwa amekwisha kujua, kwa mzee mmoja wa jirani, kwamba jiko lake limekaa mahali palipokuwa na kichuguu, na kwamba tofali za ukuta wake zilitoka humo humo. Kioo alichogandisha fundi Oktoba kilipasuka Desemba; cha pili, kilichowekwa baada ya mlizamu na baada ya shimo la maji machafu kuhamishiwa upande wa barabara, kilikuwa bado kizima. Ukuta juu ya mlango ulikuwa umejaa tarehe za kalamu ya risasi, zimeandikwa kwa mkono wa binti yake wa shule, na wageni walikuwa wakiuliza ni mahesabu gani. Alitaka kupaka rangi kabla ya arusi ya Juni. Fundi akamwambia: “Ungoje, mama, tuone mvua ingine.” Wakakubaliana kutundika pale pazia.